Jirani anasifia, wifi anaponda: mtoto aanze wapi darasa la kwanza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunakaa Muriet hapa Arusha, mwanangu wa kiume anatimiza miaka sita mwezi wa kwanza na ndo anaanza darasa la kwanza. Nimeuliza watu mpaka kichwa kinauma. Jirani anasema kayumba (shule ya serikali) ya hapa mtaani iko vizuri tu, wanae wawili wamesoma pale na mmoja sa hivi yuko form wani. Wifi yangu anasema nikimpeleka pale nimemtupa mtoto, darasa moja watoto mia, fimbo, Kiingereza hamna, anataka nimpeleke ingilishi midiamu ya upande wa Sakina anakosoma wa kwake. Ada milioni moja na laki sita, usafiri pembeni. Mi nina kibanda cha mtumba Kilombero, baba yake ni fundi, pesa ya mwaka wa kwanza tukijibana tunaipata. Halafu mtoto anaandikia kushoto, huko awali walikuwa wanamkataza. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mama, na pole, najua inavyochosha kuuliza watu kumi ukapewa majibu kumi. Nitakujibu kwa kirefu maana hili swali naulizwa kila mwaka ikifika mwezi wa kumi hivi na wazazi wengi wanaamua kwa presha ya ndugu, halafu mwaka wa tatu wanarudi kwangu wanalia. Nimeshika chaki miaka 31 kwenye shule za serikali, mingi kati ya hiyo nikiwa na darasa la kwanza na la pili, na nilipostaafu nikafundisha miaka minne shule binafsi hapa hapa mjini, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa ndani.

Jirani yako hajakudanganya na wifi yako hajakudanganya. Ila kila mmoja anakusimulia mwalimu mmoja wa mwaka mmoja. Wale watoto wa jirani walikutana na mwalimu fulani wa darasa la kwanza aliyewashika mkono wakajua kusoma, basi kwa mama yao ile shule ni nzuri mpaka kesho, hata kama yule mwalimu alishahamishiwa Longido zamani. Na wifi yako pengine aliingia pale siku moja tu akakuta mtoto anachapwa, au hajawahi kuingia kabisa ameambiwa na mtu, basi. Kwa hiyo usiwaulize tena "shule ni nzuri?", hilo swali linaleta maoni tu. Waulize walichokiona kwa macho. Muulize jirani: nani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza wa wanao na bado yupo? Mtoto alianza lini kusoma mwenyewe maandishi ya kwenye kanga na kwenye vioo vya daladala bila kuambiwa? (Hiyo ndo dalili ya kweli, mtoto aliyefunguka kusoma hanyamazi barabarani, kila bango analitamka.) Wifi naye umwambie hivi, wifi naomba nione madaftari ya mtoto. Akikuletea ripoti ya muhula yenye picha na mihuri mwambie hapana, daftari.

Daftari ndo nataka tukae nalo kidogo, maana linasema kuliko mzazi yeyote.

Mjukuu wangu alisoma shule moja binafsi, siitaji, nzuri kwa nje, geti limepakwa rangi, bustani, bembea. Akiwa darasa la kwanza muhula wa pili nikachukua daftari lake la Kiingereza jioni moja tukiwa tunasubiri chakula. Kuna ukurasa ulikuwa na sentensi moja ya maneno manne imeandikwa mara kumi, ya mama anapika chakula. Mstari wa kwanza mwandiko wa mwalimu, safi. Wa pili mtoto kanakili vizuri. Wa tano herufi moja imedondoka. Wa saba maneno mawili yameshikana. Kufika wa kumi neno la mama limepoteza herufi ya katikati na la mwisho limegeuka kitu ambacho hakipo kwenye lugha yoyote, na juu ya hayo yote tiki moja nyekundu kubwa imeshuka kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, kumi ya kumi, na kinyota. Mwalimu hakusoma. Alipita na kalamu. Kilichonitisha ni kwamba mtoto alikuwa hanakili tena sentensi ya mwalimu, alikuwa ananakili mstari wake mwenyewe wa juu, kosa linazaa kosa. Nikaifunika ile sentensi kwa mkono, nikaandika pembeni neno moja tu katika yale manne, nikamwambia asome. Akaniangalia. Hakulitambua. Mtoto ambaye ripoti yake ilikuwa na A saba.

Sasa chukua upande wa pili. Kuna mwaka mimi na mwenzangu tulikuwa na darasa la kwanza la watoto 112 chumba kimoja, sikwambii ilikuwa sawa, haikuwa sawa, kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa darasa. Lakini yule mwenzangu alikuwa na utaratibu. Alikata maboksi ya sabuni akaandika silabi kwa maka peni, vizibo vya soda ndo vilikuwa hesabu, na kila siku iende irudi aliwasikiliza watoto ishirini wakisoma mmoja mmoja mezani kwake, wengine wakiwa na kazi ya vikundi, kwa hiyo siku sita za shule hamna mtoto ambaye hajasikilizwa. Alikuwa na karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, jina la kila mtoto na silabi aliyokwama. Ule mwaka tuliingia mwezi wa kumi na moja na watoto wasiojua kusoma wanahesabika kwa vidole. Ndo maana nasema usichague jina la shule, chagua darasa la kwanza. Tena kwenye kayumba yako uliza mwaka kesho nani anapangiwa darasa la kwanza, maana kuna shule wanampa mwalimu mzuri kuliko wote na kuna shule darasa la kwanza anaachiwa yule anayekaribia kustaafu aliyechoka, au anayetoka likizo, kama vile hawa watoto wadogo hawana maana. Mwalimu mkuu anayejua kazi yake atakujibu bila kusitasita.

Unaombaje kuona daftari la mtoto wa mtu? Rahisi. Nenda asubuhi saa nne muda wa uji au mapumziko, siyo siku ya kikao, jitambulishe kwa mwalimu mkuu, sema unataka kuandikisha mtoto na ungependa kuona darasa. Serikali au binafsi, wakikukatalia kabisa kuchungulia hata mlangoni hiyo nayo ni habari. Ukiwa mlangoni angalia madawati, watoto wanne kwenye dawati la watatu unajua kuandika kutakuwa kwa taabu, angalia ukutani kama kuna chati zilizoandikwa kwa mkono mwaka huu au kuta tupu, omba daftari mbili tatu zilizo mezani, la mtoto anayeweza na la asiyeweza. Unatafuta vitu viwili tu: kosa limeonyeshwa na mtoto amesahihisha chini yake, na tarehe zinafuatana. Ukikuta daftari lina tarehe tatu kwa mwezi mzima ujue hamna kinachofundishwa, hata kama nje kuna bembea.

Kiingereza. Najua hapa ndo roho yako iko, na wifi anapokupigia ni hapo hapo. Sitakwambia hofu yako haina msingi maana ina msingi, mtoto wa kayumba anasoma kila kitu kwa Kiswahili halafu akifika form wani karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, na nimeona watoto wenye akili sana wakinyamaza darasani mwaka mzima kwa sababu ya hilo. Ni kweli na inauma. Lakini kuna kitu wazazi hawaambiwi. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu katika maisha, ile siri kwamba hizi alama ni sauti na sauti zinaunda neno ninalolijua. Ili aipate hiyo siri lazima neno liwe analijua. Mwanao ukimwandikia "maziwa" akatamka ma, zi, wa, akifika mwisho uso unafunguka kwa sababu maziwa anayajua, ameyanywa asubuhi. Ukimwandikia neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia nyumbani, atalitamka kama kasuku akifika mwisho hamna kinachowaka. Kiswahili tena kina bahati, kinasomwa kama kilivyoandikwa, mtoto akishika silabi zake amemaliza, Kiingereza hata sisi watu wazima kinatusumbua maandishi. Mtoto aliyeshika kusoma Kiswahili vizuri darasa la kwanza na la pili anahamishia ile siri kwenye Kiingereza, asiyeshika popote anabaki na lugha mbili za kukariri. Kama mnaongea Kiingereza nyumbani hiyo ni habari nyingine. Nyie mnaongea?

Na mambo yamebadilika kidogo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na humo Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la kwanza badala ya kungoja la tatu kama zamani. Kama mwalimu wa kukifundisha yupo na anakiweza, hilo uliza pia, maana kuandikwa kwenye mtaala ni jambo moja na kufundishwa ni jingine. Mtaala huo huo ndo unaofanya mwanao asifike darasa la saba, elimu ya msingi inakuwa miaka sita halafu sekondari ya chini minne ya lazima, na mwaka 2027 wale wa la sita na wale wa la saba wanamaliza pamoja. Mwanao hayumo kwenye huo msongamano ila kama una mtoto wa ndugu aliye madarasa hayo jiandaeni mapema kwa form wani ya 2028.

Kwa faida ya wengine wanaosoma hapa, ipo pia Arusha School pale mjini, ni ya serikali na inafundisha kwa Kiingereza, ya siku nyingi tangu ukoloni. Nafasi zake zinagombaniwa mno, ukitaka kujaribu nenda mapema usisubiri Desemba.

Tuje kwenye hela, na hapa niwe mkali kidogo. Umesema pesa ya mwaka wa kwanza mkijibana mnaipata. Mama, shule ni miaka sita. Milioni moja na laki sita mara sita ni milioni tisa na laki sita, hapo ada haijapanda, na hujaweka usafiri, chakula, sare pea mbili, sweta la mwezi wa sita na wa saba maana baridi ya huku unaijua, tisheti ya michezo, rimu, mitihani, mahafali, ziara ya kwenda hifadhini. Waambie shule wakupe karatasi ya malipo yote ya mwaka mzima, siyo ada tu, na umuulize mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne kama hiyo karatasi ndo anacholipa kweli. Halafu una mtoto mwingine? Akija wa pili inakuwaje?

Nasema hivi kwa sababu ya kitu nilichokiona mara nyingi kuliko fimbo na msongamano. Mzazi anaanza kwa nguvu, mwaka wa pili biashara inayumba, mwaka wa tatu mtoto anarudishwa nyumbani kila mwezi kwa sababu ya ada, anakaa wiki, anarudi, anakaa tena, mwisho darasa la nne analetwa kayumba. Nikiwa shule ya serikali nilikuwa nawapokea hawa kila Januari na kila Julai. Mtoto anajua hesabu vizuri tu, lakini ukimwandikia "tafuta kigawo kikubwa cha shirika" anakutazama, hajui swali linamuuliza nini, na mwaka huo huo ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ambao akishindwa anarudia darasa. Wenzake wanamcheka Kiswahili chake cha darasani. Aibu aliyokuwa anaiogopa wifi inampata mtoto huyo kuliko aliyeanzia kayumba. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, kama huna uhakika wa miaka sita usianze kwa ajili ya mwaka mmoja.

Kama mkiamua binafsi, leo au baadaye, kuna vitu vya kuhakikisha ambavyo hata ndugu hawavijui. Shule iwe imesajiliwa kweli, usajili upo wizarani na uthibiti ubora wa shule wa wilaya wanaujua, na mtoto aingizwe kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, kila mtoto anakuwa na namba yake. Omba hiyo namba, iandike kwenye kadi ya kliniki au popote usipoteze. Kuna vishule vinaanza kama chekechea vinaendelea darasa la kwanza, la pili, usajili bado "unashughulikiwa", mtoto hana namba, na siku ya kumhamisha au ya kumsajili upimaji wa darasa la nne ndo mzazi anagundua kwamba kwenye karatasi mtoto wake hajawahi kusoma.

Matokeo nayo msiyasome kwa kuangalia tu wangapi wamepata A. Baraza siku hizi halitangazi shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti yao, ya darasa la nne na ya la saba. Fanya hivi: chukua matokeo ya darasa la nne ya miaka mitatu nyuma, hesabu watahiniwa, halafu hesabu hao hao wakiwa la saba. Kama walikuwa 60 wakafika 38, uliza 22 wamekwenda wapi. Wengine wamehama kwa sababu za kawaida, ada, kazi za wazazi, lakini zipo shule zinachuja, mtoto akionekana atashusha wastani anaambiwa arudie darasa au atafutiwe shule nyingine, na bango la A linabaki safi getini. Kayumba haina namna ya kuchuja, inabeba wote, kwa hiyo wastani wa C wa kayumba na wastani wa A wa shule inayochuja huwezi kuvilinganisha kama nyanya kwenye sado.

Usafiri. Kutoka Muriet mpaka Sakina ni kukatiza mji wote. Gari litampitia saa kumi na moja na nusu, labda na robo, maana linaanza na wa mbali, mtoto wa miaka sita unamvalisha viatu amelala, analala garini amebanwa katikati ya wakubwa, anafika darasani ameshachoka, jioni anarudi giza linaingia, unategemea saa ngapi akusomee ukurasa mmoja? Hilo tu lingenitosha mimi. Lakini lipo zito zaidi na nalisema kwa uchungu. Tarehe 6 Mei 2017 pale Rhotia, Karatu, kwenye ajali ya gari la shule tulipoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, watoto wa darasa la saba wa hapa Arusha waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Mji huu haujasahau. Na Aprili 2024 hapa hapa jijini gari la shule likasombwa na maji ya mvua likiwa na watoto, nyie wa pande hizo mnayajua yale makorongo kuliko mimi. Mtoto yeyote anayepanda gari la shule, mzazi ana haki ya kuuliza: gari linabeba wangapi kwa viti vingapi, kuna mtu mzima mwingine mbali na dereva wa kuwavusha watoto barabara, masika likijaa korongo dereva ana ruhusa ya kusimama na kupiga simu au ataambiwa amechelewa? Muulize dereva mwenyewe hilo la mwisho, siyo ofisi.

Na akitokea wa kukwambia basi mpeleke bodingi yaishe, kwanza serikali ilishakataza, waraka wa 2023 unasema bweni hakuna kuanzia awali mpaka darasa la nne, na pili mtoto wa miaka sita anahitaji mama wa kumuuliza leo mmefanya nini.

Fimbo zipo, kote kote, na wanaokwambia binafsi hawachapi hawajafundisha huko. Kanuni ya 2002 iko wazi, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kwa hiyo mwalimu anayetembea na fimbo darasani akichapa watoto kwa sababu hawajui silabi anavunja kanuni, na mtoto anayeogopa hasomi, nimeyaona hayo kwa macho miaka yote na mimi mwenyewe mwanzoni mwa kazi niliwahi kuamini fimbo inafundisha, haifundishi. Ikitokea usiende kwa kelele, nenda kwa mwalimu mkuu, uliza kitabu. Ukiona hamna jibu, afisa elimu kata yupo na kazi yake mojawapo ni hiyo.

Michango ya kayumba, hapa wazazi wengi wanakuwa na hasira bila kujua hesabu yenyewe. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 ruzuku ilipangwa shilingi elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka, na katika hizo elfu sita ndo zinakwenda shuleni, elfu nne za vitabu zinabaki juu. Shule ya watoto 800 hapo ni milioni nne na laki nane kwa mwaka mzima, gawa kwa miezi, laki nne, humo chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika. Ndo maana mwalimu mkuu anaitisha kikao. Sare, madaftari, kalamu na chakula ni kazi ya mzazi kwa waraka wenyewe wa elimu bila malipo, mchango mwingine lazima wazazi wakubaliane kikaoni, na mtoto harudishwi nyumbani kwa mchango, hilo halina mjadala. Uliza shule yako inapika? Mimi nikifika shule naanza jikoni. Kama saa nne kuna uji na mchana makande yanachemka na wazazi wanaoleta mahindi na maharage wameandikwa kwenye daftari, wanapewa risiti, na kamati inajua gunia limeisha lini, hiyo shule ina watu wanaoongea. Kamati ya shule ikiwa hai na shule inakuwa hai. Kikao kijacho wewe mwenyewe nenda, ukichaguliwa usikatae.

Vyoo angalia pia, mtoto atakuwa anakunywa maji kidogo akiogopa choo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25, huwezi kukuta hivyo kwenye shule nyingi za mjini, lakini maji ya kunawa na mlango unaofunga hivyo vidai.

Sasa uniulize mimi ningefanya nini. Kama mwalimu wa darasa la kwanza wa hapo mtaani ni mtu wa daftari, ningemwandikisha hapo hapo, kwa miguu dakika kumi, beba cheti cha kuzaliwa tu, kuandikisha ni bure, na mapema kwa sababu mikondo inajaa. Sehemu ndogo ya ile ada ningeitumia nyumbani: vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya Kiingereza vyepesi, maktaba ya mkoa ipo mjini umpeleke Jumamosi mbili kwa mwezi, taa nzuri ya jioni, na robo saa kila siku anakusomea wewe au baba yake, hata kama mmechoka, anakusomea yeye siyo wewe kumsomea. Akifika mwisho wa darasa la pili anasoma aya nzima na kukusimulia, halafu biashara imekaa sawa, unaweza kufikiria Kiingereza na atahama akiwa na msingi. Na kama ukienda pale ukakuta daftari la tiki ndefu na mwalimu hajulikani, usimpeleke kwa sababu jirani amesifia, tafuta kayumba ya kata jirani, au binafsi ya karibu ya bei mnayoiweza, zipo ndogo ndogo zenye walimu wazuri sana.

La kushoto nimeliacha mwisho lakini nisingependa uende bila jibu. Msimbadilishe. Hakuna ugonjwa hapo, hakuna adabu mbaya, ubongo wake ndo umepangwa hivyo, na mtoto anayelazimishwa kuandikia mkono wa kulia mwandiko unaharibika, kasi inapotea, wengine wanaanza kuchukia shule kabisa. Kama bibi yake anasema mkono wa kushoto hauleti heshima mezani, mfundisheni kula na kusalimia kwa kulia, kalamu muacheni. Siku ya kwanza kabla kengele haijagonga mwambie mwalimu mwenyewe, siyo kwa barua, mtoto akiwa amesimama pembeni anasikia: huyu anaandikia kushoto na sisi nyumbani tumemruhusu. Muombe amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, kwa sababu akikaa katikati au kulia kiwiko chake kitagongana na cha mwenzake siku nzima na yeye ndo ataonekana mkorofi. Daftari alilaze limeinamia kulia kidogo, penseli aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika na mkono usifute. Hilo la penseli muanze nyumbani wiki hii.